Injini Chini ya Chumba cha Eda

Chokaa ilianza kuanguka ndani ya chai ya Oloo. Kwanza punje mbili tatu, nyeupe, juu ya ile chai ya rangi niliyomtilia mwenyewe. Kisha kidonge kikubwa kama kunazi kikatua kikombeni na kumrushia matone mkononi. Oloo alikitazama kikombe, akaitazama dari, akaniambia kwa sauti ya mtu asiyetaka kumwamsha mtoto:

"Mejumaa, usiguse mnyororo."

Kati yetu injini ilikuwa ikining'inia juu ya pua ya pikapu ya Baba, imefungwa kwa mnyororo wa kapi kwenye boriti mbili za dari. Na juu ya dari hiyo, kitandani pake, alikuwa amekaa mama yangu, siku ya tisini na nne ya eda yake.

Mimi ni mwoga. Afadhali niliseme mapema, kwa sababu watu wa Kibokoni walioisikia habari hii kwa wengine wamenipa ushujaa ambao sikuwa nao. Naogopa mende. Naogopa kivuko cha Likoni mpaka leo, na nikipanda husoma dua zote nizijuazo na nyingine huzitunga. Asubuhi ile, nilipoisikia boriti ikilia, nilimkodolea macho Oloo kama bubu. Nilijua ni nani aliyeifunga injini ile kwenye boriti zile. Ni mimi.

Wazo lilikuwa langu tangu mwanzo. Baba yangu, Mzee Menza, alikuwa akikodisha masufuria ya pilau, majamvi na viti vya harusi, na mali hiyo yote ilibebwa na pikapu moja, Pijo ya zamani yenye rangi ya maziwa yaliyoungua. Mwishoni mwa mwaka wa tisini na tatu injini ilivunjika krenki pale mteremko wa Nyali, masufuria kumi na mawili mgongoni na bibi harusi akingojewa. Baba akaivuta gari hadi nyumbani, akaiingiza pua ghalani, yaani kile chumba cha chini chenye mlango mpana ambamo bibi yangu mzaa mama alikuwa akiweka magunia ya karafuu, na akasema ataitengeneza. Januari akafa. Alikuwa amekaa ukingo wa kitanda anavaa viatu. Alivaa kimoja, cha pili hakukivaa.

Tukabaki wanawake wawili na gari lisilokwenda. Fundi wa gereji alikuja, akainua boneti, akaguna, akataja bei ambayo ungedhani anatuuzia gereji yenyewe. Nikamwambia ahsante, chai iko jikoni, mlango uko pale. Mimi nilikuwa mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi na sikuwa na subira na watu wasiojua kujumlisha. Nilichukua daftari nikapanga. Bloku tutaitoa kwenye Pijo nyingine iliyokufa, iliyokuwa imegeuka makao ya paka nyuma ya Makadara. Silinda hedi tutabaki na yetu, maana ilikuwa nzima. Pistoni tutatafuta zilizotumika lakini hazijachoka. Vipya vitakuwa vitatu tu: ringi, bering na gasketi. Na kazi yote ifanyike nyumbani, ghalani, tusilipe kodi ya mahali.

Oloo ndiye aliyekubali. Alikuwa jirani yetu wa mtaa wa pili, amestaafu karakana ya reli, mtu mrefu, mpole, mwenye masikio makubwa ambayo Baba alikuwa akimtania kwamba aliyapata kwa kusikiliza treni. Alikuja na mkoba wa spana na Biblia ndogo ndani yake, akalipitia daftari langu ukurasa kwa ukurasa. "Mwalimu," akasema, "hapa hukuacha hata nati." Nikavimba kichwa wiki nzima.

Kwa wiki saba ghala lile lilinuka mafuta ya taa. Tuliosha vyuma ndani ya karai la kufulia, tukasaga vavu kwa mkono, zamu kwa zamu, kijiti kikizunguka kati ya viganja kama anayepekecha moto. Mama alikuwa juu. Mjane mwenye eda hatoki nyumbani, hajipambi, hajifukizi udi, wala haonekani na mwanamume asiye maharimu wake, kwa miezi minne na siku kumi. Ikawa analalamika kupitia tundu la ngazi: "Udi nimekatazwa, sasa wanifukiza mafuta ya taa! Utaniua, we mtoto." Nikacheka. Nilicheka, Mungu anisamehe.

Bafu letu lilikuwa chini, nyuma ya ghala, na kulifikia ilibidi upite mbele ya Oloo. Nikalimaliza tatizo hilo haraka, kama nilivyomaliza kila kitu mwaka ule. Nilimpandishia Mama karai na ndoo za maji, awe anaogea chumbani, pembeni mwa ukuta wa barabarani. Kila asubuhi na kila jioni. Akioga, maji mengine yalimwagika, na sakafu ya chokaa ya nyumba za kwetu hainywi maji kwa kelele. Inanyonya tu, na ukuta nao unanyonya, na pale ukutani ndipo vichwa vya boriti vilipochomekwa.

Oloo alitaka miguu mitatu ya mabomba ya chuma, ile inayosimamishwa kama mafiga ya jiko ili kapi ya minyororo itundikwe katikati. Ilikuwa ya kukodi. Nikamwambia boriti za bibi zimeshabeba harusi saba na matanga mangapi, watu wamejaa juu mpaka ngazini, hazikutikisika. Nikapiga hesabu mbele yake kwa chaki kwenye mlango wa ghala: uzito wa injini, uzito wa watu hamsini, gawanya, linganisha. Nikapanda meza, nikazigonga boriti kwa nyundo. Zililia vizuri, ngumu, za mti wa mkandaa hasa.

"Umezigonga katikati," Oloo akasema. "Vichwani je?"

"Vichwa vimo ukutani, fundi. Ukuta huu una miaka mia na hamsini."

Akarudi kwenye spana zake. Alikuwa mgeni ndani ya nyumba yetu, nami nilikuwa mwenye nyumba na mwenye daftari. Hesabu yangu, nataka mjue, ilikuwa sahihi. Nilichosahau ni maji.

Basi Jumamosi ile ya Aprili, saa nne ya asubuhi, chokaa ikaingia ndani ya chai.

Oloo alisogea polepole mpaka ukutani, akaweka kiganja chake pale kichwa cha boriti kilipoingia. Alipokitoa, kilikuwa na tope. Alinionyesha. Nilikiona kiganja kile nikaona ndoo, karai, mwezi mzima na zaidi wa asubuhi na jioni.

"Nikivuta mnyororo kuishusha, boriti itatikisika," akasema. "Nikiiacha, itazidi kuchomoka. Nitaishusha, lakini si kabla ya kumtoa Mama. Kitanda chake kiko wapi?"

Nikaonyesha kidole. Kilikuwa juu yetu kabisa.

"Nenda kamtoe. Taratibu. Usikimbie ngazini."

Nilipanda ngazi zile kwa mikono na miguu kama mtoto anayejifunza kutambaa. Mama alikuwa amekaa kitandani, nguo yake nyeupe imemfunika mpaka vidoleni, tasbihi mapajani. Sakafu mbele ya kitanda ilikuwa imefanya ufa, mwembamba, mrefu, toka ukutani mpaka mguu wa kitanda.

"Mama, shuka. Sasa hivi. Boriti yakatika."

"Mna mwanamume huko chini."

"Mama, nyumba yaanguka! Dharura, Mama, eda haivunjiki kwa dharura, hilo hata mimi nalijua!"

"Sishuki mbele ya mwanamume," akasema, kwa utulivu, kama aliyeombwa chumvi.

Nikachungulia tundu la ngazi nikamwita Oloo, nikamwambia. Hakubisha, hakuuliza. Aliokota gunia tupu la makaa lililokuwa mlangoni, akajivika kichwani mpaka mabegani, akageukia ukuta, na kutoka ndani ya gunia akasema, "Mwambie Mama sioni kitu. Apite tu." Na alikuwa amesimama pale pale, chini ya boriti ile ile, na hakuwa na haja ya kusimama pale. Angeweza kukimbilia barabarani akaniachia janga langu.

Nikarudi. "Oloo amejifunika gunia, Mama. Hakuoni. Haya, nipe mkono."

Hakunipa. Alinitazama, na kwa mara ya kwanza tangu Januari nikaona kwamba ananitazama mimi, si ukuta ulio nyuma yangu.

"Tangu juzi naisikia," akasema.

"Waisikia nini?"

"Boriti. Juzi mlipojaribu kuinua. Yalia chini ya kitanda. Jana ikalia tena, usiku kucha yatatarika."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, mngekuja kunitoa."

Kuna hofu ya mende na hofu ya bahari, na nilidhani nazijua hofu zote. Ile iliyonishika pale sikuwa nikiijua. Mama yangu hakuwa anamwogopa Oloo. Hakuwa anailinda eda. Alikuwa anangojea.

"Mama, hiyo ni dhambi," nikasema. Ndicho nilichoweza.

"Nimejirusha mimi? Nimekaa tu kitandani kwangu." Sauti yake haikupanda. "Kukaa nako ni dhambi? Niwate, mwanangu. Niwate nikae."

Chini, kitu kikafanya *kraak*, na Oloo akapiga kelele, jina langu, mara moja tu. Kitanda kikateremka kama unene wa kidole. Vumbi la chokaa likapanda toka ufani, jeupe, taratibu, likatuzunguka.

Ningependa kuwaambia kwamba nilifikiri. Watu hunieleza jinsi nilivyokuwa na busara, kwamba nilijua mama hawezi kumwona mwanawe akifa. Uongo mtupu. Niligeuka nikimbie. Wallahi niligeuka, mguu mmoja ulikuwa umeshafika kizingitini. Lakini miguu ilikataa, au kichwa kilikataa, sijui, na nikajikuta nimerudi na nimekaa kitandani kando yake, ubavu kwa ubavu, nimemshika mkono kwa mikono yangu yote miwili nikitetemeka mpaka kitanda kinatetemeka nami.

"Ondoka hapa," Mama akasema.

"Siondoki."

"Mejumaa. Ondoka."

"Wewe ukikaa, nami nakaa. Nimekaa tu. Si umesema kukaa si dhambi?"

Tukakaa. Sijui ni muda gani. Oloo baadaye aliniambia haukufika hata dakika mbili. Nilisikia kila kitu: mnyororo ukilia kwa uzito wa injini, mwuza kahawa akipita barabarani akigonganisha vikombe vyake, pumzi ya Mama. Nilisikia pia jambo jingine, na nalisema leo kwa kuwa nimefika umri ambao aibu haina kazi kwangu. Nilijikojolea. Mwalimu wa hesabu, miaka ishirini na tisa, nilijikojolea kitandani kwa mama yangu kama mtoto wa kunyonya, na sikuweza kujizuia.

Mama akatazama chini. Aliitazama shuka, akanitazama usoni.

"Umejikojolea?"

Nikaitikia kwa kichwa. Nililia sasa, kwa sauti, makamasi na yote.

"Mtu mzima!" akasema. "Astaghfirullah, mtu mzima na elimu yako yote!" Na akainuka. Aliinuka kitandani, hivi hivi, akiguna na kushika kiuno, akauvuka ule ufa akaenda kwenye sanduku lake lililokuwa upande wa pili, ukuta wa ndani, akalifungua, akaanza kunitafutia leso kavu. Akatoa ya kwanza, akairudisha, hiyo ni ya kutokea, akatoa nyingine. "Ndoo hapa kwangu. Hebu ndoo, simama, utalala na mkojo wewe? Utapata vipele."

Nilisimama nikaenda. Alinifunga leso kiunoni kwa mikono yake mwenyewe, akaikaza, akanipangusa pua kwa ncha yake. Kisha akanishika kifundo cha mkono, vile alivyokuwa akinishika nikiwa mdogo tukivuka barabara ya Makadara, akajifunika shuka nyingine gubigubi, na akaniambia, "Twende chini ukaoge."

Tukashuka. Mama alikuwa mbele. Pale chini ya ngazi ilibidi tupite kati ya pikapu na Oloo, nafasi ya kupita mtu mmoja. Alikuwa bado na gunia kichwani, mikono yote miwili imeung'ang'ania mnyororo, mgongo umelowa jasho. Mama akasita.

"Hodi, fundi," akasema. "Twapita."

"Piteni, Mama," gunia likajibu.

Tulipofika uani, nikapiga kelele kwamba tumetoka. Oloo akalitupa gunia, nikasikia mnyororo ukienda, *krr, krr, krr*, haraka kuliko nilivyowahi kumsikia akifanya kazi yoyote. Injini ilikaa mahali pake. Akasema baadaye kwamba alikuwa ameshafungua ndoano na ameshafika mlangoni wakati boriti ya kwanza ilipochomoka. Ilianguka na kipande cha sakafu cha ukubwa wa jamvi. Tulipothubutu kurudi kuchungulia, kitanda cha Mama kilikuwa kimesimama kwa miguu miwili. Miwili mingine imezama katika tundu, na shuka niliyoilowesha yaning'inia ghalani juu ya boneti. Oloo akaivua kofia yake. Mimi nikatapika mlangoni.

Mama hakutazama. Alikuwa bafuni ananitekea maji.

Majirani walikuja na magogo, tukaegemeza dari, na Mama akahamia chumba cha nyuma, huko huko juu. Shekhe wa mtaa aliulizwa, akasema eda yake iko salama, asiongeze hata siku. Oloo aliendelea na kazi, nami nikaenda mwenyewe kukodi ile miguu mitatu, ingawa haikuhitajika tena, na nikamwomba radhi. Akasema, "Ulinipa hesabu nzuri sana, Mwalimu. Mimi ndiye niliyeshindwa kukuuliza mara ya pili."

Siku walipoiwasha mara ya kwanza sikuwa ghalani. Zilikuwa zimebaki siku ishirini na moja za eda, na kwa wiki mbili nilikuwa nimeomba ruhusa shuleni, nikawa nakaa kizingitini mwa chumba cha Mama, nasahihisha madaftari, nafuma, nahesabu vigae, chochote. Nikienda kupika niliuacha mlango wa jikoni wazi. Nikienda msalani nilikohoa ili akohoe.

Ilikuwa saa tatu asubuhi. Tukasikia stata ikivuta, ikavuta tena, ikakataa. Kisha ikashika. Nyumba nzima ikavuma. Watoto barabarani wakapiga vigelegele, Oloo akaniita, na majirani nao wakaniita, Mejumaa, Mejumaa, njoo uisikilize!

Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka anachambua mchele.

"Nenda ukaione injini yako," akasema.

"Naisikia kutoka hapa."

Alichambua punje mbili, akazitupa.

"Nenda, mwanangu. Sendi mahali."

Nikasimama. Nilishuka vidato vitatu, nikarudi juu kuchungulia. Alikuwa pale pale, ungo mapajani, hakuinua uso.

"Nenda," akasema.

Nikashuka vitano, nikarudi.